Waya wa Bei Ghali: Unanunua Sauti au Unanunua Jina?

Bila shaka yamewahi kukukuta. Umekwenda Luthuli Avenue jijini Nairobi, au umeingia duka la vyombo vya muziki pale Mombasa ama Malindi mjini, ukavutana na muuzaji juu ya bei ya spika hadi mkaafikiana. Noti zimehesabiwa, sanduku limefungwa kamba. Hapo ndipo muuzaji anapokuinamia na kukuuliza, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema kabisa: "Na waya je, mzee? Mashine nzuri namna hii utaitilia waya wa takataka?"

Kisha anakutolea kabatini waya mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa cha kusokotwa, ncha zake zinameta rangi ya dhahabu, na ubavuni umepigwa chapa ya mishale kuonyesha muziki upite upande gani. Bei yake yatosha kununua beberu aliyenona.

Je, uununue?

Kwa familia ya mjini yenye redio moja sebuleni, hilo ni swali la anasa tu. Lakini huku kwetu Pwani, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, wapo vijana wengi ambao riziki yao ni muziki wa kukodisha. Wao ndio wanaopiga muziki harusini, katika mikutano ya hadhara, mahubiri ya uwanjani, sherehe za shule, na hata katika yale madisko ya matangani ambayo serikali imeyapiga marufuku mara kadhaa katika Kaunti ya Kilifi (na ambayo mimi siyalilii). Aghalabu kijana kama huyo huanza kwa mkopo wa chama au kwa pesa za mamake. Akiambiwa kwamba bila waya wa bei ghali wateja watamkimbia, atazitoa pesa ambazo zingefanya kazi nyingine. Na hiyo kazi nyingine, kama utakavyoona, yaweza kuwa ni kuokoa roho za watu.

Nitakupa jibu langu mapema usije ukasema nimekuzungusha. Waya wa spika ukishakuwa wa shaba halisi, ukawa na unene unaolingana na urefu wake, na viungo vyake vikawa safi na vimekazwa, basi sikio la binadamu halina la ziada la kupata kutoka kwake, hata ukilipa mara mia. Lakini waya mbaya upo, na ubaya wake husikika. Tena huku Pwani waya mzuri hugeuka kuwa mbaya upesi kuliko bara.

Hebu tuangalie kazi yenyewe ya waya. Amplifaya hutuma umeme kwa spika, na umeme huo huenda na kurudi kufuatana na muziki. Ile noti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganishia ala zao hutikisika mara 440 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba ndani ya waya umeme unakwenda na kurudi mara 440 kila sekunde. Sasa niambie, ile mishale iliyochorwa kwenye waya wa spika yaelekeza safari ipi, ya kwenda au ya kurudi?

Kinachoweza kuudhuru muziki njiani hasa ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme usipite kwa urahisi. Ukinzani hupimwa kwa omu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa takriban omu 0.017 kwa kila mita. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8. Basi chukua waya wa milimita mraba 1.5, unene ule ule ambao mafundi wa stima hututilia nyumbani kwa ajili ya taa, uuvute mita 5 kutoka kwa amplifaya hadi spika. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, hesabu mita 10. Utapata ukinzani wa kama omu 0.11. Nguvu inayopotea hapo haifiki asilimia 3, na ukiigeuza kwa kipimo cha sauti, haifiki hata desibeli 0.2. Kwa kawaida, mtu anayesikiliza muziki huhitaji tofauti ya takriban desibeli 1 ndipo atambue kwamba sauti imepanda.

Kwa hivyo hata kama waya wa yule muuzaji ungeshushwa kutoka mbinguni, usiwe na ukinzani hata chembe, faida ya juu kabisa ambayo ungekupa ni kukurudishia hizo asilimia 3. Beberu mzima kwa desibeli 0.2!

Mambo hubadilika ukitoka sebuleni ukaingia uwanjani. Tuseme kuna harusi Kilifi, na spika zimewekwa mita 20 kutoka kwa amplifaya. Kila waya umebeba spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba, jambo linalozifanya ziwe mzigo wa omu 4. Ukitumia waya wa milimita mraba 1, zaidi ya robo ya nguvu uliyotarajia kuipata kwenye spika haitafika. Ukitumia wa milimita mraba 2.5, hasara hushuka hadi kama asilimia 12. Na ukitumia wa milimita mraba 4, huwa kama asilimia 8. Hapa unene una maana, na pesa ya unene ni halali kuilipa. Hata hivyo, waya mnene wa kawaida kutoka duka la vifaa vya stima hufanya kazi hiyo bila kitambaa wala dhahabu. Chagua tu ule wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, maana wenye uzi mmoja mgumu hukatika ukikunjwa na kukunjuliwa kila Jumamosi.

Ila chunga usije ukaangukia upande wa pili, maana rahisi huvunja upishi. Siku hizi waya mwingi unaouzwa kwa bei ya kutupwa ndani yake ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa macho huwezi kuujua. Ukinzani wake ni yapata mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu, na nyuzi zake hukatika upesi. Toa uzi mmoja, uukwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Dalili nyingine ni uzito: bunda zima ukilinyanyua utalihisi jepesi mno kuliko linavyoonekana.

Mambo haya hayakuanza jana. Miaka mingi watu waliunganisha spika zao kwa waya wa taa na hawakulalamika. Mwaka 1979 Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster Cable huko California, na waya wa spika ukawa bidhaa yenye jina na sanduku lake. Agosti 1983 jarida la Marekani, Stereo Review, likachapisha jaribio la Laurence Greenhill, ambaye aliwaketisha wasikilizaji na kuwapigia sauti kupitia nyaya tofauti bila wao kujua ni upi unaotumika. Walipopigiwa mvumo wa kupimia mitambo, waliweza kuutambua waya mwembamba sana. Lakini walipopigiwa muziki, hawakuweza kwa uhakika kuutofautisha waya wa Monster na waya wa kawaida wa taa wenye unene wa kutosha.

Mwaka 2007 kulikuwa na kisa cha kuchekesha zaidi. James Randi, mwanamazingaombwe mashuhuri aliyetumia maisha yake kuwafichua wadanganyifu, alitangaza kwamba taasisi yake ingempa dola milioni moja mtu atakayeweza kwa kusikiliza tu kuzitambua nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, zikilinganishwa na nyaya nzuri za kawaida. Kukawa na majibizano, mtu akajitokeza, masharti yakajadiliwa, na mwishowe jaribio halikufanyika. Pesa hizo hazikuchukuliwa na yeyote. Naam, kizuri chajiuza, na kibaya chajitembeza.

Lakini mbona watu wazima, wenye akili zao, huapa kwamba wamesikia tofauti? Usifanye haraka kuwaita waongo. Kwanza, kila mara unapobadilisha waya unachomoa na kuchomeka upya, na kule kuchomoa kwaweza kukwangua uchafu uliokuwa kwenye kiungo, hivyo sauti ikaboreka kweli. Pili, sikio hufuata roho. Ukishatoa pesa nyingi utasikiliza kwa makini kuliko ulivyosikiliza mwaka mzima uliopita, na utasikia mambo ambayo yalikuwapo siku zote. Tatu, sauti ikiongezeka kidogo tu, mtu haisikii kuwa kubwa zaidi, bali huisikia kuwa nzuri zaidi. Wauzaji wajanja wanalijua sana hilo.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, waweza kulifanya jaribio lako nyumbani alasiri ya leo. Tafuta nyaya mbili za urefu mmoja, moja ya kifahari uliyoazima na nyingine ya dukani. Funika nyuma ya amplifaya kwa kanga. Mdogo wako arushe shilingi kabla ya kila zamu. Ikiangukia upande mmoja atie waya huu, ikiangukia wa pili atie ule. Ahakikishe anachomoa na kuchomeka kila mara hata kama waya haubadiliki, asiseme neno, na asikutazame usoni. Kitufe cha sauti kisiguswe kabisa. Cheza kipande kile kile mara 16, nawe uandike kila mara unadhani ni upi. Mtu anayebahatisha tu hupata kama 8. Ukipata 12 au zaidi, una jambo la kuchunguza. Ukipata 9, mrudishie mwenyewe waya wake na umshukuru.

Na maadamu tumo sebuleni, nikuambie pesa hiyo ingenunua nini. Nyumba nyingi za Pwani zina kuta za mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha ya vioo. Sauti ikigonga hapo hurudi, ikagonga tena, hata taishokoto katika kanda ya zamani ya taarabu ya Mombasa likasikika kama limetumbukia kisimani. Tandika mkeka mzito au zulia, tundika mapazia, sogeza spika nusu mita kutoka pembeni mwa ukuta. Utasikia badiliko ambalo halihitaji jaribio la kufunikwa kanga. Waliokulia kwa kanda za Mbwana Radio Service ya Mombasa wanajua kwamba uhai wa sauti ile ulitokana na waimbaji na wapigaji. Kile ambacho kanda haikukinasa hakuna waya utakaokirudisha.

Sasa tuje kwenye chumvi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote haya. Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini utapita Gongoni na Marereni, ambako chumvi huvunwa kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani. Upepo wa kusi unaovuma kutoka baharini hubeba chembe za chumvi hiyo hiyo hadi ndani ya nyumba zetu. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi huila shaba ikageuka kijani. Chuna waya uliokaa miaka miwili kwenye baraza iliyo karibu na ufuo, utaona nyuzi zimekuwa kama zimepakwa rangi. Uchafu huo haupitishi umeme vizuri. Spika hukwaruza, hukatika na kurudi, na besi hupotea. Hii ndiyo tofauti ya waya inayosikika hata na mtu aliye nusu kiziwi, na haina uhusiano wowote na bei.

Ngomeni, katika pwani hiyo hiyo, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka hapo. Jukwaa la kurushia na lile la kuongozea yaliunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Katika kazi ya namna ile hakuna anayeuliza kama waya una jina zuri. Swali ni kama chumvi imeingia au haijaingia.

Hapa dhahabu hupata haki yake. Kwa kupitisha umeme, dhahabu haiishindi shaba. Fedha ndiyo ya kwanza, shaba ya pili, dhahabu ya tatu. Ila dhahabu haishiki kutu. Plagi ndogo iliyopakwa dhahabu ina maana katika nyumba ya Watamu kuliko katika nyumba ya Nakuru, na plagi za namna hiyo si ghali. Kwa waya wenyewe, kata ncha iliyokuwa kijani hadi ufikie shaba inayong'aa, ichomelee kwa risasi, kisha ivishe mpira unaobana ukipashwa moto ili hewa isiingie. Viungo vya amplifaya vifutwe kwa spiriti kila baada ya miezi michache. Kazi yote hiyo hula saa moja.

Kuna waya mwingine ambao aina yake hudhihirika masikioni, nao ni wa maiki. Sheikh anatoa mawaidha, au mchungaji anahubiri, na chini ya maneno yake kuna mngurumo usiokoma. Mara nyingi chanzo chake ni stima yenyewe, ambayo hapa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake hudakwa na waya mrefu wa maiki uliolazwa kando ya waya wa jenereta. Dawa yake ni waya wa pini tatu. Ndani yake ujumbe hupita katika nyuzi mbili, mmoja ukiwa umepinduliwa. Mngurumo huziingia zote mbili kwa namna moja. Zikifika kwenye miksa, ule uliopinduliwa hugeuzwa tena na zote mbili hujumlishwa. Hapo ujumbe huongezeka, na mngurumo hujiua wenyewe. Waya wa pini tatu wa bei ya kawaida utafanya hivyo kwa mita 30 bila taabu, almuradi maiki na miksa navyo ni vya pini tatu. Waya wa plagi ya kawaida, hata uwe wa fedha tupu, hauwezi. Na pale waya wa maiki unapokutana na wa stima, uvukishe kama njia panda. Usiilaze miwili hiyo sambamba.

Nimebakisha waya ambao hakuna muuzaji anayekuinamia kukuulizia habari zake, yaani ule unaoleta stima kutoka nyumbani au kwenye jenereta hadi mahali pa muziki. Nimeona mitambo ya maelfu kwa maelfu ikilishwa na waya mwembamba wa kuungaungwa, viungo vimezungushiwa mfuko wa plastiki, ukapitishwa juu ya boriti chini ya makuti.

Piga hesabu pamoja nami. Amplifaya, taa za rangi na friji ya soda vikivuta ampea 10 kupitia waya wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30, kama volti 14 hupotea njiani. Volti 240 hufika zikiwa 226, amplifaya huishiwa na pumzi, besi hulegea, na mwenye muziki hulaumu waya wa spika. Hilo ni dogo. Kiungo kimoja kilicholegea au kilicholiwa na chumvi, kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, kwa ampea hizo 10 hutoa wati 50 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Ni joto la pasi ya fundi anayechomelea redio. Sasa liweke hilo ndani ya plastiki, juu yake kukiwa na makuti yaliyokaushwa na jua la Januari, huku wageni mia mbili wakila biriani chini yake. Atakayesikia harufu kwanza pengine ataidhania ni jikoni.

Kwa hivyo, kijana unayeanza kazi hii, nunua waya wa stima kabla ya kununua wa spika. Uwe wa shaba, milimita mraba 2.5, nyuzi tatu, na ule wa tatu ambao ni wa ardhi uunganishwe kweli kweli, usikatwe eti kwa kuwa unaleta mngurumo. Uwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuutumia, maana ukiwa umejikunja joto hukosa pa kutokea. Upitishe ardhini mbali na miguu ya watoto, au kwenye nguzo zake wenyewe, wala usiulaze juu ya makuti. Kisha tafuta ile swichi ya usalama ambayo hukata stima inapovuja kiasi cha milliampea 30, kabla haijamuua mwimbaji aliyeshika maiki kwa mkono wenye jasho.

Swichi hiyo ina kitufe kidogo cha kuijaribu. Kibonyeze kabla wageni hawajafika. Ikikata, irudishe juu na uendelee na kazi. Isipokata, usiwashe muziki mpaka fundi wa stima ameiangalia, hata kama bwana harusi amekwisha kupiga honi langoni.